Kijana wa stationari anataka nifute keki yangu

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza keki hapa Tanga. Nembo yangu ina keki ya ghorofa tatu, mishumaa na kivuli chini. Kijana wa stationari anasema siku hizi nembo ni maneno matupu, niifute. Nimsikilize?
– Mama Keki

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo kijana kasema nusu. Google walipobadili herufi zao mwaka 2015, kampuni nyingi zilikuwa zinakimbilia herufi nyoofu zisizo na vijimkia. Burberry, wale wauza mavazi wa Uingereza, wakafuata mwaka 2018, ikawa taabu kujua nani ni nani. Lakini mwaka 2023 Burberry hao hao wakamrudisha mpanda farasi wao wa zamani, na Pepsi wakalirudisha jina ndani ya duara. Burger King, wauza baga, walishatangulia mwaka 2021, wakarudia jina lililobanwa katikati ya vipande viwili vya mkate. Kwa hiyo hiyo “siku hizi” yake imeshachacha.

Kivuli, hapo namuunga mkono: ondoa. Punguza nembo iwe kama kipicha cha WhatsApp uone mishumaa inavyogeuka vidoa. Kwenye muhuri wa mpira kivuli kitatoka bonge jeusi, na fundi wa kudarizi aproni atakukatalia. Bakiza keki, ghorofa moja, rangi mbili. Jina aliandike kwa mkono mtu mwenye mwandiko mzuri, siyo fonti ya bure ambayo kila saluni inayo.

Na mdai mchoraji wa nembo faili la vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa bila kuharibika, siyo picha ya JPG peke yake. Wengine hulibania ili urudi kulipa tena.