Nati za ekzosi bila spana ya torki

Kukaza nati za ekzosi ya pikipiki bila spana ya torki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, inawezekana, ila injini iwe imepoa kabisa. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikiwa ya moto huchomoka na nyuzi za silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, na hapo gharama si ya nati tena.

Weka gasketi mpya, pete ya kuziba kati ya bomba na hedi. Ile ya zamani imeshabonyea, haizibi vizuri. Bolti za kushikia slensa kwenye fremu ziache zimelegea kwanza. Ukianza nazo, bomba linakaa kwa kulazimishwa, na baadaye mtikisiko unapasua braketi au kuvunja stadi. Funga nati mbili za ekzosi kwenye hedi kwa vidole, kisha zikaze kwa zamu, robo mzunguko kila upande, flanji (bamba la mwisho wa bomba) ishuke sawasawa.

Nguvu yenyewe: stadi ya mm 6 kwa kawaida huchukua Nm (newtonmita) 10 hadi 12, ya mm 8 Nm 20 hadi 25, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Kama una mizani ya kuvutia ya ndoano, ifunge kwenye spana sm 10 kutoka katikati ya nati, uvute kwa pembe mraba: kilo 10 ni karibu Nm 10. Ukipaka grisi ya shaba, punguza kidogo, maana nyuzi zinateleza.

Malizia kwa kukaza bolti za slensa. Endesha, acha ipoe, kagua tena. Ukisikia tiki-tiki au ukiona masizi kwenye maungio, usiongeze nguvu. Fungua uangalie gasketi.