Nisubiri Mpaka Niweze?

SWALI

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi, na nasali katika mtaa mmoja wa usharika wetu huko mlimani. Mwalimu wa Shule ya Jumapili amehamia Dodoma kumfuata mumewe, na mwinjilisti ameniomba nishike nafasi yake. Nimemwambia anipe muda. Mama, mimi niliishia darasa la saba. Kusoma najua, ila polepole, na maneno marefu ya Biblia hunikwama nikiwa mbele za watu. Watoto wa siku hizi wako shule za Kiingereza, watanicheka. Nimekuwa nikimwomba Mungu anipe uwezo kwanza, au nipate kozi hata ya miezi michache, ndipo nianze. Hii ni wiki ya sita, na wakati wa mahubiri watoto wako nje wanarusha mawe kwenye miparachichi. Je, ninakosea? Kumwamini Mungu si ndiko kumngojea?

Muuza Ndizi, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Amina.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye mawe na miparachichi. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka 1991 na mimi niliombwa kufundisha watoto. Nikajibu kama wewe: nikishapata semina nitaanza. Semina ikaja mwaka 1993. Ilikuwa ya siku tatu, tukakaa kwenye mabenchi nje ya kanisa, tukapewa kila mtu daftari na kalamu. Daftari lile ninalo mpaka leo. Kurasa nne tu ndizo zenye maandishi, na ya tatu ni orodha ya nyimbo nilizokuwa nazijua tangu utotoni. Watoto wa ile miaka miwili sikuwafundisha. Walikua, wakaenda kipaimara, wengine siku hizi ni baba wenye mvi ninaokutana nao stendi. Nikiwaona huwa naikumbuka ile miaka miwili, na sina namna ya kuirudisha.

Unauliza habari ya kungoja. Soma Kutoka sura ya 4, taratibu, hakuna anayekukimbiza. Mungu anamtuma Musa kwa Farao, Musa anatafuta pa kupenya. Mungu anamwuliza ana nini mkononi. Ni fimbo, ile ile ya kuchungia mifugo ya mkwewe. Baadaye Musa anajitetea kwamba yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Angalia sasa: hatuambiwi kwamba ulimi ulilainishwa palepale ndipo akaondoka. Aliambiwa aende, na Mungu atakuwa pamoja na kinywa chake, na Haruni ndugu yake yuko njiani anakuja kumlaki. Ahadi ile ilikuwa ya safarini, mwanangu. Angebaki na kondoo zake asingeiona ikitimia.

Sasa nikuulize wewe, una nini mkononi? Una ndizi. Usinielewe vibaya, sikutanii. Wewe unaitambua mshare kwa kuishika tu, unajua kisukari gani itaiva kesho na ipi imevundikwa kwa haraka. Zaidi ya hapo umekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Yesu aliwaambia watu wake habari ya chembe ya ngano inayoanguka ardhini ikafa, ndipo ikazaa. Watoto wa mlimani wengi ngano wanaijua ikiwa unga dukani. Ila mgomba wanaujua. Wachukue nje, wasimamishe mbele ya mgomba wenye mkungu, waulize utazaa mara ngapi. Watakwambia mara moja. Mkungu ukikatwa, mgomba nao unakatwa, na pembeni chipukizi limeshasimama. Waache waliguse lile jani changa lililojikunja kama karatasi. Hapo ndipo uwasimulie habari ya Yesu kutoa uhai wake ili sisi tuishi.

Kuhusu kusoma, usichukue sura nzima. Chukua mistari mitano au sita. Alhamisi jioni, wakati maharage yako jikoni, msomee mwanao kwa sauti, na kila neno linalokukwama litie alama ya penseli chini. Rudia Ijumaa, rudia Jumamosi. Jumapili ukitaka, mpe mmoja wa hao wa shule za Kiingereza asome, wewe usimulie. Huyo ndiye Haruni wako. Mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hulijui, utamwuliza mwinjilisti, kisha wiki ijayo umletee jibu kweli. Hapo pa kuleta jibu usikose hata mara moja. Mtoto husahau somo, lakini kwamba uliahidi na hukuleta, halisahau.

Unafikiri sisi wa Kilimanjaro tuliletewa imani na watu waliokamilika? Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Baada ya vita vya kwanza, mwaka 1920, Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu Wachaga. Hawakuwa wachungaji; wachungaji wa kwanza Wachaga walibarikiwa mwaka 1934. Walifundisha na kuwaombea watu kwa elimu waliyokuwa nayo. Mimi na wewe tumebatizwa kwa sababu hawakufunga milango wakisubiri.

Kozi ikija, nenda. Omba nauli, funga biashara siku hizo, nenda. Kumwomba Mungu uwezo ni vizuri pia, endelea. Ninachokukataza ni kuyafanya maombi hayo kuwa sababu ya kukaa. Na wakikuona unaweza wakataka kukupa na uweka hazina na uongozi wa kwaya, kataa kwa upole. Paulo alipowaandikia Wakorintho habari ya mchango alisema kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Una watoto watatu na meza sokoni. Saa moja ya Jumapili na jioni zako mbili tatu za kujiandaa, hicho ndicho ulicho nacho. Kitoe chote.

Kesho asubuhi kabla ya kwenda sokoni, pitia kwa mwinjilisti umwambie ndiyo. Jumamosi ukifunga meza, bakiza kichane kimoja cha kisukari mbivu. Usikigawe mpaka hadithi iishe. Halafu niandikie mtoto gani aliuliza nini.