Sola ya Paani au Mtambo wa Nyuklia? Maswali Yenu

Walipotaka kujenga nyuklia Uyombo hapa Kilifi tulipinga, sasa wanatazama Siaya. Kwani paneli za mapaani hazitoshi? (Malindi)

Tupige hesabu, ndugu yangu. Mtambo wa megawati 1,000 ukifanya kazi asilimia 90 ya muda hutoa yuniti milioni 21.6 kwa siku. Kwa jua letu, kilowati moja ya paneli hutoa kama yuniti 4 na nusu. Basi utahitaji paneli za wati 550 zipatazo milioni 8.7. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya milioni 12, kwa hivyo mapaa yapo, ila mengine ni ya makuti, na mengine ni ya ghorofa ambamo wapangaji hugombania hata kamba ya kuanikia nguo. Na ukizipata zote, saa moja usiku zimelala, wakati huohuo nchi nzima inawasha taa na kupasha chakula.

Basi si nyuklia ndiyo bora, maana haijui usiku? (Voi)

Usiku haiujui, lakini miaka inaila. Emirati, ambako wengi wetu tuna ndugu, walianza kujenga mtambo wa nyuklia wa Barakah mwaka 2012, na pesa wanazo. Kinu cha kwanza kilianza kuuza umeme 2021, cha nne 2024. Hao ndio waliofanya vizuri! Kule Georgia, Marekani, vinu viwili vipya vya Vogtle vilichelewa miaka saba na kumeza zaidi ya dola bilioni 30. Nasi umeme wa usiku kucha tunao tayari: mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaozalisha tangu 1981, jua liwake lisiwake. Ningepewa pesa za kinu kimoja, ningechimbia visima vya mvuke, zilizobaki nikanunulia betri.

Nina sola bila betri. Stima ikipotea saa sita mchana, jua kali, nyumba nayo inazima. Fundi kanitapeli? (Mama wa Bombolulu)

Hajakutapeli, mama, ila alipaswa kukwambia mapema. Inverta ya aina hiyo, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, hufuata laini ya kampuni ya umeme. Laini ikifa, nayo hujizima makusudi. Isipojizima, umeme wako utapanda nguzoni umkute fundi ameshika waya akijua umekufa. Ukitaka kuwaka wakati huo, weka betri na inverta inayoweza kujitenga na laini. Anza na taa na friji. Pasi na hita ya maji zisubiri.

Paneli zangu za miaka miwili zimeanza kutoa kidogo. (Mtwapa)

Kabla ya kumwita mtu, tafuta ngazi. Zangu juzi nilizikuta na chumvi ya bahari imekauka kama ukungu, na kunguru wamenipakia chokaa kwenye kona moja. Osha alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa maji matupu na kitambaa laini. Stilwuli iache kwenye sufuria.