Mambo ya kumwambia kijana wa kaiti kabla hajapanda ndege

Kila mwaka kusi likianza kuvuma, baina ya Juni na Septemba, hunijia kijana mmoja au wawili pale ninapofundisha kaiti, Paje, Unguja, na swali lilelile: "Kaka, na mimi nataka kwenda kushindana Ulaya, nianzie wapi?" Mwaka huu alikuja mama mmoja mwenyewe, mwanawe wa miaka 15 kasimama nyuma yake anatazama mchanga. Nilimjibu kwa haraka kwa sababu nilikuwa na wanafunzi majini, na usiku nikajuta. Jibu nililotakiwa kumpa ni hili.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: kaiti ni lile tiara kubwa la nguo linalomvuta mtu akiwa juu ya ubao baharini. Mimi niliingia kwenye mashindano nikiwa na miaka 16, nikaacha nikiwa na miaka 20.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni kwamba mashindano ni kusubiri. Unasubiri viza, unasubiri upepo, unasubiri zamu yako, unasubiri goti lipone, unasubiri mdhamini ajibu ujumbe. Nikizijumlisha dakika zote nilizoshindana kweli juu ya maji katika misimu minne, sidhani kama zinafika siku mbili. Wako vijana walionizidi kipaji kwa mbali, na kilichowashinda si maji, ni hizo siku za katikati.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Tarifa, kusini kabisa ya Uhispania. Hapa kwetu upepo unakuja umenyooka, na ukikosea unakusogeza pwani. Mara nyingi unasimama tu, maji ya kifua, ukatembea mpaka mchangani. Kule kuna upepo wa mashariki wanaouita levante. Unavuma kwa kushtukiza: sasa hivi kaiti imelegea mkononi, mara imekunyanyua mzimamzima, tena unakusukuma kuelekea bahari kuu. Na maji ni ya baridi hata wakati wao wa joto, unavaa suti ya mpira inayokubana kifua kama umefungwa kamba.

Siku tatu za mwanzo hatukuitwa. Tulikaa juu ya mabegi yetu tangu asubuhi hadi alasiri, upepo ukiwa mkali kupita kiasi. Wenzangu walikuwa na baba zao na makocha, wanapakiwa mafuta ya jua, wanaletewa chakula. Mimi nilikuwa na mkate na simu isiyo na bando. Ng'ambo ya mlango wa bahari naiona Moroko, kama kilomita 14 tu, milima yake imejipanga wazi kabisa. Nilikuwa naitazama Afrika kwa macho yangu na sina mtu wa kumwambia neno. Nililia, sioni haya kulisema. Siku ya nne tukaitwa. Sikuwa nimelala, sikuwa nimekula, mwili umekakamaa. Mruko wa kwanza nikaanguka, wa pili nikaanguka, kaiti ikazama, na muda wangu ukaisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi: asiende peke yake. Kama pesa zinatosha safari mbili za mtoto mmoja, fanya safari moja ya watu wawili. Si lazima huyo wa pili ajue kaiti. Anatakiwa kuwa mtu mzima wa kumwambia "kula sasa", "nenda kalale", "acha kutazama simu, twende tukatembee". Mjomba, shangazi, kaka mkubwa, yeyote anayemheshimu.

Na wala asidhani kusubiri ni shida ya wanyonge. Kaiti ilipoingizwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Paris 2024, mbio zake zilifanyika Marseille, na upepo ukawa haba. Watu waliojiandaa kwa miaka walikaa pwani wakiangalia bendera. Dhahabu ya wanaume ikachukuliwa na Valentin Bontus wa Austria, nchi isiyo na bahari hata ya kunawia mikono. Shaba ikaenda kwa Max Maeder wa Singapore, miaka 17. Vijana wetu wakiniambia "sisi tumezaliwa baharini", mimi huwatajia Bontus, wakanyamaza.

Mimi kusubiri nilikuja kujifunza kwa mama yangu, na nilichelewa. Mama analima mwani hapa Paje. Kilimo hicho kilianza Unguja mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Kazi yake inafuata bamvua, maji yanapokupwa hadi kule karibu na mwamba. Maji mafu yakiingia, siku ambazo bahari haikupwi sana, anakaa nyumbani. Lakini hakai bure. Anakata tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, anapanga kamba, anaanika aliouvuna. Bamvua likirudi kila kitu kiko tayari. Nilikuwa nikimuona hivyo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nifanye vile kule Tarifa.

(Na hapa niseme moja: kijana anayepita na kaiti juu ya mashamba ya akina mama, akakata kamba zao akacheka, mimi simuandikii barua ya kumdhamini hata akiruka kuliko wote.)

Nilipoanza kuzitumia siku za kusubiri kama mama, nilianza na vifaa. Mpira wa ndani wa kaiti ukiwa na tundu dogo, pwani hutoliona. Kaiti inasimama vizuri, baada ya nusu saa mbele inaanza kulegea, na unaanguka bila kujua kwa nini. Usiku ule unautoa mpira kwenye ala yake, unaujaza upepo kidogo, unaupaka maji ya sabuni kwa kiganja polepole kutoka ncha hadi ncha, na unatega sikio. Povu litapanda pahala pamoja tu, dogo kama kichwa cha pini. Unapaweka alama kwa kalamu, unakausha vizuri, unapasugua, unabandika kiraka. Halafu unasafisha mchanga kwenye vali, maana mchanga wa Paje ni laini kama unga na unaingia kila pahala. Kijana anayejua kuifanya kazi hii kwa utulivu usiku wa kuamkia mashindano, mimi huwa sina wasiwasi naye sana.

Viza sasa. Balozi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu na nauli ya boti na malazi. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida ni siku 15, ila usilitegemee hilo. Mtoto wa chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya wazazi wote wawili kwa maandishi, na hapo ndipo familia nyingi zinapokwama, baba yuko bara au yuko Muscat hapatikani. Lishughulikieni hilo mwanzo kabisa, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mimi nilinyimwa mara moja. Mara ya pili niliambatisha barua ya skuli inayosema nitarudi darasani tarehe fulani, nikapata.

Ambalo linanileta kwenye skuli, na hapa sina upole. Amalize Kidato cha Nne. Mimi niliacha Kidato cha Tatu kwa sababu bwana mmoja wa kigeni aliniahidi vifaa na safari, na sisi nyumbani tukaona mlango wa riziki umefunguka. Hatukuandikiana chochote. Msimu wa tatu nikaumia goti, na kabla wiki haijaisha kaiti zote tatu zikaja kuchukuliwa, na ubao. Picha zangu aliendelea kuzitumia kuuzia biashara yake. Nilirudi darasani nikiwa na miaka 21, nikikaa na watoto waliokuwa wakinitazama majini walipokuwa wadogo. Nashukuru nilirudi, lakini ile miaka siipati tena.

Kwa hiyo mdhamini akija, mzazi, karibisha, mpe chai, na umwambie aandike. Vifaa ni vya nani? Mtoto akiumia nani analipa hospitali, na vifaa vinabaki au vinaondoka? Picha zitatumika mpaka lini? Kama Kiingereza chenu hakitoshi, mwombeni mwalimu wa skuli awasomee neno kwa neno kabla hamjatia saini. Mwenye nia njema hatokasirika.

Anayetaka mbio badala ya miruko aangalie kalenda ya maji. Ubao wa foili, ndio wa mbio, una mguu wa kama mita moja chini yake, kwa hiyo Paje utafanya mazoezi maji yakiwa yamejaa tu. Na mbio huhesabiwa kinyume: wa kwanza anapewa pointi 1, wa kumi pointi 10, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Anayemaliza wa nne kila siku anaweza kumpita aliyeshinda mara mbili na kuanguka mara tatu. Nimeliona hilo likiwaliza watu.

Yule mama, kama utaisoma hii au mtu atakusomea: mlete Jumamosi, maji yakianza kujaa. Aje na kaiti yake ikiwa imefungwa na yeye mwenyewe. Nataka kuona alivyoikunja.