Damu imesoma virusi vya Epstein-Barr: je, ni saratani ya koo?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 44. Nina uvimbe shingoni kushoto, hauumi, una miezi miwili, na sikio la upande huohuo limeziba. Maabara imepima damu, IgG ya virusi vya Epstein-Barr ikasoma pozitivu. Aliyenipima anasema hivyo ni virusi vya saratani ya koo, ananiuzia dawa ya kuvisafisha, kisha nirudie kipimo. Nifanyeje?

JIBU: Pole, dada. Wiki hii muone daktari wa masikio, pua na koo aingize kamera hadi nyuma ya pua. Usikubali mtu aupasue huo uvimbe kabla ya hapo. Kama ni lazima kuugusa, sindano nyembamba inatosha kwanza.

Sasa hiyo IgG, yaani kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Inasema tu kwamba uliwahi kuambukizwa, pengine utotoni. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wameambukizwa virusi hivyo. Kingamwili hizo hudumu maisha yote, na hakuna dawa inayoving'oa virusi hivyo mwilini. Anayekuahidi kipimo kitageuka negativu anakula fedha yako, na kibaya zaidi, anakula muda wako. Karatasi kama hiyo naletewa kliniki kila mara, na uvimbe umeshakua.

Kipimo cha damu chenye maana kipo, ila si hicho. Seli za saratani ya nyuma ya pua, ile ambayo aliyekupima anaiita ya koo, zikifa humwaga vipande vya DNA ya virusi hivyo kwenye plazma (maji ya damu), navyo vinaweza kuhesabiwa. Huko Hong Kong, ambako ugonjwa huu ni mwingi, walipimwa wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili, matokeo yakatoka mwaka 2017. Mara ya kwanza 1,112 walisoma pozitivu. Waliporudiwa wiki chache baadaye walibaki 309. Waliokutwa na saratani ni 34, nao walithibitishwa kwa kamera, picha ya MRI na kinyama kilichonyofolewa, si kwa damu peke yake. Mimi kipimo hicho nakithamini zaidi baada ya mgonjwa kutibiwa kwa mionzi: DNA isipotoweka, au ikirudi, tunajua pa kuanza kutafuta.

Saratani ya tonsili na shina la ulimi inayotokana na HPV (virusi ambavyo pia huleta saratani ya mlango wa kizazi) nayo ina kiashiria chake, protini ya p16, lakini husomwa kwenye kinyama chenyewe: angalau asilimia 70 ya seli za uvimbe ziwe zimeshika rangi sawasawa. HPV ikionekana kwenye mate si saratani. Wengi huimaliza wenyewe.

Kwa hiyo wanaowauzia vifurushi vya "kupima saratani zote kwa tone la damu", waulizeni nani ataingiza kamera. Uvimbe wa shingo uliopita wiki tatu, sikio moja kuziba kwa mtu mzima, damu puani, tonsili moja kubwa kuliko nyenzake: haya yanahitaji jicho la daktari hata damu ikisoma safi. Na msikubali dozi ya tatu ya antibayotiki kwa uvimbe ambao hakuna aliyewahi kuutazama kwa ndani.