Kuipima lenzi ya milimita 50 ya bei nafuu kabla ya kuilipia

Kwa mwenye kamera ya Canon ya kuanzia yenye kioo ndani (DSLR) anayetaka kupiga picha za sura, lenzi ninayoishauri ni EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1990, ambayo sehemu yake ya kufungia kwenye kamera ilikuwa ya plastiki. Hii ina chuma mahali hapo, nayo ni nyepesi, gramu 160 tu. Hata hivyo, sifa hizo hazikuhakikishii uzima wa lenzi uliyoishika mkononi, hasa ikiwa ni ya mtumba.

Mkalishe mtu karibu na dirisha, ufungue apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) hadi f/1.8, yaani upana wake wote, uweke nukta moja ya fokasi (mahali kamera inapolenga ukali) kwenye jicho lililo karibu nawe, kisha upige picha kumi. Ukiwa umbali wa mita 1.5, eneo linaloonekana kwa ukali kwenye kamera hizi ni kama sentimita 6 tu, kwa hiyo picha mbili tatu zitaharibika kwa mtu kuyumba kidogo, na hilo ni la kawaida. Lakini ukizikuza na kukuta kila mara sikio ni kali na jicho limefifia, usiinunue, kwani kamera nyingi za kuanzia hazina namna ya kurekebisha kasoro hiyo. Rudia kwa f/2.8, yaani tundu likiwa jembamba kidogo, ambapo lenzi isiyo na kasoro huonyesha kope na vinyweleo vya nyusi waziwazi. Kazi zangu nyingi nazifanya hapo.

Kumbuka pia kwamba kihisi kidogo (sehemu inayonasa picha) cha kamera hizi huifanya milimita 50 ione kama milimita 80. Uso hupendeza kwa kipimo hicho, ila katika sebule finyu nimeegemea ukuta mara nyingi na bado bibi harusi na mama yake hawakuenea pamoja.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, yaani kuvu. Lenzi yangu ya kwanza niliinunua bila kuichungulia ndani, na kila picha niliyoipiga kuelekea kwenye mwanga ikatoka na weupe uliofifisha ngozi. Ndani ya kioo mlikuwa na nyuzi kama za buibui. Siku hizi huifungua lenzi kutoka kwenye kamera, nikaimulika kwa tochi ya simu upande wa nyuma na kuitazama kwa mbele, na nikiziona nyuzi hizo huirudisha, hata muuzaji akipunguza bei kwa nusu.