Kabla hujalipia fomu: namna ya kumtafutia mtoto shule ya P1, yaani darasa la kwanza

Kila mwaka matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, mji wetu wa Busia, upande wa Uganda, hujaa mabango. Picha za watoto, agrigeti 4, agrigeti 5 (jumla ya alama, ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora), na jina la shule kwa herufi kubwa. Mzazi ambaye mtoto wake anamaliza chekechea akipita hapo moyo humwenda mbio, na wengi huamua papo hapo. Mimi huwaomba wasubiri kidogo. Mtoto wa kwenye bango amemaliza miaka saba ya msingi. Wako ndiyo kwanza anaanza, na atakayemfundisha kusoma ni mwalimu wa P1, ambaye hakuna bango linalomtaja.

Nimeshapeleka watoto wawili darasa la kwanza na sasa namtafutia wa tatu. Ikifika Septemba, wenzangu sokoni huanza kuniuliza niliwezaje, na jibu langu la kwanza ni hilo: nenda ukalione darasa la P1 lenyewe, siku ya masomo, asubuhi, watoto wakiwa ndani. Muhula wa tatu ndio wakati wake, kwa sababu shule nyingi za binafsi huuza fomu kuanzia Septemba, na mwaka mpya ukianza Februari nafasi nzuri zimeshakwisha.

Getini salimia, omba kuonana na mwalimu mkuu, mweleze: "Mwalimu, natafuta nafasi ya mwakani, naomba nilione darasa." Mwalimu mkuu anayeijua kazi yake atainuka akupeleke. Yuko mmoja aliyeniambia, "Mama, lipia fomu kwanza, darasa utaliona ukishaingia." Nilimshukuru nikaondoka.

Ukishaingia, usiangalie rangi ya ukuta. Omba daftari moja la mtoto, lolote lile, ulifungue katikati. Daftari litakwambia mambo ambayo mwalimu mkuu hatakwambia. Kuna shule niliyokuta kila ukurasa una alama ya vema, mpaka pale mtoto alipoandika b mahali pa d mstari mzima. Maana yake daftari linasahihishwa ili mzazi afurahi. Katika shule nyingine, mwalimu alikuwa ameandika herufi moja nzuri pembeni kwa wino mwekundu, na chini yake mtoto ameirudia mara tano, ya kwanza imepinda, ya tano imenyooka. Tena tarehe zilifuatana siku kwa siku, hakuna wiki iliyorukwa. Darasa lile halikuwa na kioo hata kimoja dirishani, lakini hapo ndipo nilipompeleka mwanangu.

Hesabu watoto. Katika shule za UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, darasa la P1 lenye watoto zaidi ya mia moja si ajabu, na mwalimu wa darasa la namna hiyo hastahili lawama. Uliza tu kama ana msaidizi, na kama wamegawa mikondo. Msikilize anavyowaita: anawajua kwa majina, au ni "wewe wa nyuma"? Kama kuna fimbo mezani, uliza ni ya nini. Kupiga watoto shuleni kumekatazwa na sheria tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, na mzazi ana haki ya kuuliza bila kuona aibu.

Kisha nenda chooni. Kweli kabisa, omba uonyeshwe choo wanachotumia watoto wa P1. Tundu lililochimbwa kwa ajili ya watu wazima linamtisha mtoto wa miaka sita. Atajizuia toka asubuhi, arudi nyumbani tumbo linamuuma, na wewe udhani ni malaria. Tazama kama milango inafunga, kama wasichana wana chao, kama kuna maji na sabuni nje.

Suala la lugha watu hulipita haraka, na mimi nalichukulia kwa uzito. Mtaala wa sasa wa madarasa ya chini, ulioanza 2007, unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo, huku Kiingereza kikiwa somo, kisha P4 wavuke kwenda Kiingereza. Mjini palipo na mchanganyiko, shule inaruhusiwa kutumia Kiingereza tangu mwanzo. Hapa kwetu mtaa mmoja una Wasamia, Wateso, Wajaluo, Waganda, na watoto wetu wakikutana uwanjani wanaongea Kiswahili. Kwa hiyo uliza waziwazi: mwalimu akiwaeleza kuhesabu kutoa, anaeleza kwa lugha gani? Kama ni lugha ambayo mtoto wako haijui hata kidogo, jiandae kumsaidia jioni, au tafuta shule nyingine. Na kama unataka asome Kiswahili, muulize mwalimu mkuu nani anakifundisha. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kuwa kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini uamuzi wa Kampala na mwalimu aliyesimama mbele ya ubao ni vitu viwili tofauti.

Tuje kwenye pesa, na hapa naomba uchukue kalamu. Karo iliyoandikwa kwenye fomu ni sehemu tu. Kuna sare na sweta, kuna ada ya maendeleo, kuna chakula cha mchana na uji wa saa nne, na kuna ile orodha ya mahitaji: rimu za karatasi, madaftari kwa dazeni, karatasi za chooni, sabuni, ufagio, pengine na sukari. Mwalimu hatakusomea orodha hiyo siku ya kwanza. Mtafute mzazi ambaye mtoto wake yuko P1 sasa, umwombe akuonyeshe barua ya ufunguzi wa muhula aliyopewa. Jumlisha yote, zidisha kwa mihula mitatu, halafu kumbuka wadogo zake wanaomfuata. UPE ilipoanza 1997 iliondoa karo katika shule za serikali, na ni jambo kubwa, lakini chakula kwa mujibu wa sheria ni jukumu la mzazi, kwa hiyo hata huko utachangia posho (unga wa mahindi) na maharage.

Nalisisitiza hili kwa sababu najua kinachotokea hesabu ikigoma. Mtoto anarudishwa nyumbani wiki ya tatu au ya nne kwa sababu ya karo, anakaa siku kadhaa, anarudi wenzake wameshapita herufi nne. Hilo likijirudia kila muhula, shule ya gharama inakuwa imemfundisha kidogo kuliko ile ya serikali iliyo karibu. Kama kipato chako ni cha biashara ya msimu kama changu, chagua shule utakayoimudu hata mwezi mbaya.

Umbali nao. Barabara yetu kuu ina malori yanayoelekea mpakani usiku na mchana, na mtoto wa P1 hajui kupima mwendo wa lori. Shule iliyo upande wako wa barabara ina thamani ambayo haionekani kwenye matokeo. Boda boda inayobeba watoto wanne na mikoba yao usiikubali, hata dereva awe ndugu. Kama ni gari la shule, uliza linamchukua saa ngapi wa kwanza, maana wapo watoto wanaoamshwa saa kumi alfajiri na wanasinzia darasani.

Bodingi kwa mtoto wa P1? Mimi siikubali. Umri huo anahitaji mtu wa kumwona kila jioni, amkague miguu, amsikilize akisoma. Ikiwa hali ya nyumbani inakulazimisha, mpe bibi au shangazi anayeishi karibu na shule nzuri, kabla ya kufikiria bweni.

Sisi wa mpakani tuna jaribu letu, nalo ni shule za upande wa Kenya. Kiswahili kinafundishwa vizuri, na wengine tuna ndugu huko. Lakini mifumo haifanani. Huku msingi ni miaka saba na PLE mwishoni, kule ni gredi sita kisha sekondari ya chini, na mwaka wao huanza Januari. Wazazi waliohamisha watoto wakati wa korona wanajua ugumu wake: Kenya ilifungua madarasa yote Januari 2021, sisi tukangoja hadi 10 Januari 2022, na waliowavusha watoto walipotaka kuwarudisha walisumbuka kujua wawaweke darasa lipi. Kama utamvusha, amua kabisa kwamba atamalizia msingi huko.

Karatasi zianze mapema. Utaombwa cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, na kadi ya chanjo, ambayo Sheria ya Chanjo ya 2017 inataka ionyeshwe mtoto anapoandikishwa. Kama cheti huna, anza na karatasi ya hospitali alikozaliwa, au mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na usingoje Januari kila mtu anapopanga foleni. Hakikisha majina ni yale yale kila mahali, herufi kwa herufi. Jina utakaloandika kwenye fomu ya P1 ndilo litakalomfuata madarasani mpaka kwenye usajili wa mtihani wa P7, na kulirekebisha wakati huo ni mateso. Kwa shule ya binafsi, omba uone leseni au cheti cha usajili kutoka wizarani, na uulize kama wana namba yao ya kituo cha UNEB, baraza la mitihani la taifa. Shule isiyo na namba hupeleka watoto wake wa P7 kufanyia mtihani shule nyingine.

Umri ni miaka sita. Ndivyo Sheria ya Elimu ya 2008 inavyosema, na ndivyo mwili wa mtoto unavyosema. Chekechea nyingine humaliza na mtoto akiwa na miaka mitano, na mzazi anaona fahari. Mwache arudie mwaka wa Topu, ule wa mwisho wa chekechea. Vidole vyake vitakuwa na nguvu ya kushika penseli asubuhi nzima, na hatakuwa mdogo wa darasa miaka yote saba.

Intavyu usimfanyie mazoezi ya usiku. Wataomba aseme jina lake, ahesabu, ataje rangi, asome maneno mafupi. Mlaze mapema, mpe uji, mwambie anakwenda kumsalimia mwalimu. Akilia, omba aitwe tena baadaye. Shule inayomkataa mtoto kwa sababu ya machozi imekuonyesha namna itakavyomlea.

Akishapata nafasi, wiki ya kwanza mpeleke wewe mwenyewe, umkabidhi kwa mwalimu wake mkononi, umwachie mwalimu namba yako ya simu na ya mtu wa pili anayeaminika. Mwambie kama mtoto ana pumu, kama hasikii vizuri sikio moja, kama anatumia mkono wa kushoto. Muhula wa kwanza ukielekea mwisho, rudi ukafungue lile daftari tena, safari hii la mwanao, ukae na mwalimu mlipitie pamoja ukurasa kwa ukurasa kabla ripoti haijaandikwa.